Jimbo Linalofuata Kitanda

Namna nilivyofika Usinziani naiacha. Wasafiri wengine watakupigia porojo za dhoruba na chatu hadi ugali upoe. Mimi nilifika, basi, miguu imevimba, na mpakani nikamkuta ofisa amekaa nyuma ya meza tupu. Hakuniuliza jina wala nitokako. Aliniuliza, "Unalala wapi?"

"Popote," nikamjibu.

"Popote ni jimbo la watu wengine. Taja mahali."

Nikaanza kumweleza kwa utaratibu, maana mimi nilikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa korosho na sipendi kueleza jambo nusunusu. Nilikuwa bado kwenye utangulizi, nagusia tu jinsi ghala letu lilivyojengwa, nikaona kidevu cha ofisa kimeangukia kifuani na yeye anakoroma. Nikapita zangu. Adabu ya watu wa nchi ile niliitilia shaka tangu saa hiyo.

Nilifikia Kandokando, kitongoji kilicho pembezoni mwa mji mkuu, ng'ambo ya mto mchafu. Ni mahali pa mabati na matofali yasiyopigwa lipu, na vumbi linalokufuata hadi kitandani. Nilipata chumba nyuma ya mgahawa wa mama mmoja mjane, Bi Mwanapili, mwanamke mrefu, mwenye mikono ya kukanda unga na ulimi usio na breki. Mbele ya mgahawa palisimama bomba la maji, na hilo ndilo lilikuwa bomba pekee la Kandokando nzima. Asubuhi foleni ya ndoo ilizunguka hadi nyuma ya msikiti. Shingoni mwa bomba palifungwa utepe mwekundu.

"Utepe huu wa sherehe gani, mama?" nikauliza.

"Sherehe!" akasema Bi Mwanapili, akapiga donge la chapati kibao utadhani limemkosea. "Wanakuja kuling'oa, baba. Wameliwekea alama wasije wakang'oa kitu kingine."

"Waling'oe kwa nini?"

"Jimbo linahama."

Nikacheka. Yeye hakucheka, nami nikaona aibu, nikaomba anieleze.

Katiba ya Usinziani, nilivyokuja kuelewa, ina kifungu wanachokipenda kuliko vyote: mbunge lazima alale jimboni kwake. Walioandika walikuwa na nia njema kabisa. Waliona kuwa mtu anayeumwa na mbu wenu hatawasahau mbu wenu. Mbunge wa kwanza wa Kandokando, Mheshimiwa Ngwali, alilala pale kweli, akaumwa kweli, mpaka masika yalipoingia na paa likaanza kumdondokea usoni. Akahamia Mwinuko, kilima cha watu wakubwa, kwenye majani ya kukatwa kwa mashine na mbwa wanaokula nyama.

Watu wa Kandokando wakaenda mahakamani. Mahakama ikasoma kifungu, ikakubaliana nao moja kwa moja: mbunge lazima alale jimboni, hakuna mjadala. Tume ya Mipaka ikatii siku ileile. Ikalirefusha jimbo hadi Mwinuko.

"Walichora mkia," alisema Bi Mwanapili. "Upana wa kitanda cha watu wawili na nafasi ya kushukia. Ukatoka hapa, ukapanda kilima, ukaingia dirishani kwa Mheshimiwa, ukaishia miguuni pa kitanda chake."

"Na ninyi mkafanyaje?"

"Tulicheza ngoma, baba. Si tulikuwa tumeshinda kesi?"

Mbunge wa pili alipenda upepo wa ufukweni, kwa hiyo jimbo likaota mkia wa ufukweni. Wa tatu, aliyekuwapo wakati wangu, aliitwa Mheshimiwa Tindwa. Huyu alijenga Mwinuko nyumba kubwa kuliko ya Ngwali, akaotewa mkia wake. Na kwa kuwa usingizi wake mwingi aliupatia Bungeni, likaota mkia mwingine hadi kwenye kiti chake cha Bunge. Sheria hutambua usingizi, haiulizi umelalia nini. Nilioneshwa ramani ya jimbo imechorwa ukutani kwa kinyozi. Nilidhani ni tangazo la supu ya pweza.

Fedha za maendeleo ya jimbo lazima zitumike jimboni, nazo zilitumika. Nilitembea mkia wa Mwinuko mwenyewe. Lami nyororo, taa pande zote, mifereji iliyofunikwa, vyote kwa upana wa kitanda cha watu wawili na nafasi ya kushukia. Ukitoka hatua moja pembeni unatumbukia kwenye tope. Mkia ulikatiza sebule ya bwana mmoja, Sururu, fundi cherehani mstaafu, ukapita juu ya kochi lake. Kochi lilikuwa Kandokando. Meza ya chai ilikuwa jimbo jingine.

"Nilikuwa nalala chumbani," aliniambia, "hakuna aliyenijua. Siku moja nikapitiwa na usingizi hapa kochini, asubuhi nikaamka mpiga kura wa Kandokando. Sasa wagombea wananiletea mito. Huu wa hariri, huu wa manyoya. Sirudi chumbani ng'o, hata mke wangu anajua."

Nikamuuliza anaipendelea siasa gani. Akaniambia yeye ni wa Ubavu, kama watu wote wa mikiani. Usinziani kuna vyama viwili, Chama cha Ubavu na Chama cha Chali, na wanachukiana kwa dhati. Watu wa Ubavu wanasema anayelala chali ni mvivu na anakoroma. Watu wa Chali wanasema anayelala ubavu amempa mwenzake mgongo. Kandokando yenyewe ni Chali watupu, kwa sababu ambayo Bi Mwanapili alinieleza bila siasa yoyote: ukilala hivyo unaona mapema paa linapoanza kuvuja. Mheshimiwa Tindwa alichaguliwa kwa tiketi ya Chali. Nyumbani, kwa mujibu wa mpishi wake, alilala ubavu.

Sasa tatizo lilikuwa hili. Mikia ilikuwa imekusanya watu wengi, na jimbo likapita idadi ya watu inayoruhusiwa. Tume ya Mipaka ikaitisha kikao cha hadhara katika ukumbi wa shule, chini ya Mwenyekiti Pongwa, jaji mstaafu, mtu mpole wa miwani minene, anayebeba mhuri wake shingoni kwa kamba kama mtoto anayebeba ufunguo wa nyumba. Nilikaa na Bi Mwanapili mstari wa mbele.

"Ndugu zangu wa Kandokando, furahini," alianza Pongwa. "Jimbo lenu limekua kuliko majimbo yote nchini."

"Limekua, na sisi tumo?" akauliza Bi Mwanapili.

"Ninyi, mama, ndio mnaolizidisha."

Akaeleza taratibu, kwa upole sana. Jimbo likijaa, hutafutwa kitovu chake. Kitovu ni pale mbunge atakapopata usingizi wake wa kwanza baada ya chakula cha mchana, katika siku iliyotangazwa. Mwenyekiti huwapo na mhuri. Kuanzia kitandani watu huhesabiwa kwenda nje, nyumba kwa nyumba, hadi idadi ya sheria itimie. Wanaobaki, wamebaki. Mheshimiwa Tindwa alikwisha kutaja nyumba yake ya Mwinuko, kwa hiyo hesabu ingeanzia kule, ingejaa kule, na Kandokando yote ingekuwa nje ya Jimbo la Kandokando.

"Na sisi tutaitwaje?" sauti ikauliza nyuma.

"Eneo la Baadaye."

"Baadaye lini?"

Mwenyekiti akatazama karatasi zake. "Jina halisemi," akajibu.

Bi Mwanapili akasimama. Akajikaza khanga kiunoni. "Na bomba langu?"

"Bomba ni mali ya jimbo, mama. Jimbo likihama, mali yake huenda nalo. Litasimikwa bustanini kwa Mheshimiwa, karibu na bwawa la kuogelea."

"Bwawa si lina maji tayari?"

"Ndiyo. Litakuwa na wenzake."

Watu wakacheka, kicheko cha kukosa la kufanya. Bi Mwanapili akangoja wamalize. "Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "mimi nimefiwa na mume, nimebaki na bomba. Nisipokuwa na maji sipiki. Nisipopika, sili mimi na hawali hawa wanaokunywa uji wangu alfajiri kabla ya kwenda kuwafagilia nyinyi kule juu. Nakuuliza neno moja tu. Mheshimiwa akilala kwangu?"

Pongwa akacheka mpaka miwani ikamwanguka. "Akilala kwako, mama, kitovu ni kwako! Sheria haibagui. Lakini nani atalala kwako?"

Bi Mwanapili akaketi. Nilimwona anatabasamu, nikafikiri mama wa watu amechanganyikiwa.

Kumbe alikuwa anawaza Chakula cha Buriani. Hii ni desturi yao: kabla jimbo halijahama, wanaoachwa huwaandalia karamu wanaowaacha. Hufanyika siku yenyewe, mchana, na mbunge hula kidogo, hushukuru, kisha hukimbilia kitanda alichokitaja. Mtu yeyote mwenye akili ataona kuwa kumlisha mbunge mchana katika nyumba ya wanaoachwa, siku ambayo usingizi wake una mhuri, ni hatari tupu. Usinziani hawakuwahi kuiona. Hakuna aliyewahi kupikiwa vizuri na watu anaowatupa. Kwa kawaida ni ugali wa jana na maharage yenye mawe, na mgeni rasmi huondoka akiwa macho kabisa.

Jioni ile Bi Mwanapili akaniita jikoni. "Baba, nina ombi. Siku ya buriani nataka uhutubie."

Moyo wangu ukajaa. Hatimaye, nikajisemea, mtu mwenye kujua kitu kizuri. "Kuhusu nini, mama?"

"Lile ghala lenu. Na upokeaji wa magunia. Jana uliponihadithia nilisinzia nimesimama, mwiko mkononi. Nikaunguza mchuzi."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nilimwambia kwamba kwetu watu walifumba macho ili wasikilize vizuri. Akaniambia, "Ndivyo hivyo hivyo nataka afumbe." Nilitoka nikapiga hatua mpaka kwenye bomba na kurudi, nikatazama ule utepe, na hasira ikaniishia. Nikakubali.

Siku ikafika. Kila jirani alileta alichokuwa nacho, kuku, nazi, bizari, mchele uliokuwa umefichwa kwa ajili ya Idi. Ikapikwa pilau ya nyama ya mbuzi iliyonukia hadi mtoni, kuku wa kupaka, kachumbari, na maji ya ukwaju. Mwisho halua na sinia la maandazi. Kwenye kibaraza, pembeni mwa bomba, Bi Mwanapili akatoa kitanda chake mwenyewe cha kamba, akakitandika shuka jipya, akasema ndicho kiti cha heshima. Majogoo wote wa mtaa walikuwa wameshaingia kwenye sufuria, kwa hiyo hapakuwa na wa kuwika.

Mheshimiwa Tindwa alikuja na uso wa msibani. Ni mtu mnene, mwenye sauti nzito. Alitazama saa yake kabla hajanawa mikono. Halafu akaonja pilau.

"Lahaula," akasema polepole. "Nani amepika?"

"Watu wako, Mheshimiwa," akajibu Bi Mwanapili. "Kula, baba. Ongeza."

Akaongeza. Akaongeza tena. Alipofika kwenye halua alikuwa amefungua vifungo viwili na amejiegemeza kwenye mto bila mtu kumwambia. Mwenyekiti Pongwa, aliyekuwa lazima amfuate siku nzima, alikula naye sahani kwa sahani. Lakini Mheshimiwa hakuwa mtoto. Alijipiga mashavu, akasimama nusu. "Jamani, nawashukuru. Sasa nikajipumzishe kule kwangu."

"Kuna hotuba ya mgeni, Mheshimiwa," akasema Bi Mwanapili.

Tindwa akarudi chini. Mbunge wa Usinziani haruhusiwi kuondoka hotuba ikiendelea, na hiyo ndiyo sababu hasa wanalala.

Nikasimama. "Mheshimiwa Mbunge," nikaanza, "Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu waalikwa, itifaki imezingatiwa. Kabla sijaanza kuanza, naomba nitoe maelezo ya awali kuhusu msingi wa ghala, maana huwezi kulielewa paa la ghala kama hujauelewa msingi..."

Kwa mshangao wangu watu wa Kandokando walinitazama macho makavu, wakitikisa vichwa kwa makini. Nilitiwa moyo mno. Nikaingia kwenye mchanga, nikaingia kwenye kokoto. Nilipofika kwenye tofauti kati ya gunia lililoshonwa mara moja na gunia lililoshonwa mara mbili, Mheshimiwa Tindwa alikuwa chali, mikono juu ya tumbo, anakoroma mkoromo mzito wa kibunge.

Chali! Watu wa chama wakashikana mikono kwa furaha.

Lakini ole wetu. Mwenyekiti Pongwa naye alikuwa amelala, mhuri umemning'inia kifuani. Na shahidi aliyelala si shahidi. Nikataka kunyamaza ili aamke. Nilipovuta pumzi tu, kope za Mheshimiwa zikacheza, midomo ikafunguka ikaanza, "Ndi..." Nikaelewa. Bungeni hotuba ndiyo humlaza. Ukimya ndio humwamsha, kwa kuwa ukimya maana yake watu wanataka kura. Nikarukia magunia upesi, akatulia.

Bi Mwanapili akamfinya Mwenyekiti pajani. Akafumbua macho, akasikia neno korosho, akafumba tena. Akamfinya mara ya pili, na safari hii, kabla sauti yangu haijamfikia, akamjaza andazi masikioni, kipande huku, kipande huku. Pongwa akakaa wima, macho makavu. Akamwona Mheshimiwa. Akaona kitanda, akaona bomba, akaelewa yaliyompata. Nitamsifu daima: hakujaribu kukwepa sheria. Kwa kuwa hakusikia kitu, aliweka kiganja juu ya kifua cha mbunge.

"MKOROMO UPO!" akapiga kelele, kama wanavyofanya watu walioziba masikio. Sote tukaganda. Mheshimiwa akageuza shingo, akaendelea. Pongwa akapiga mhuri mguu wa kitanda.

Ikabaki hesabu. Makarani wakatoka wakahesabu kuanzia kitandani, kibarazani, uani, mtaa wa kinyozi, nyuma ya msikiti, na mimi nahutubia. Nilimaliza magunia nikaingia kwenye kamba za magunia. Koo likakauka. Sauti ikakatika, na kope za Mheshimiwa zikacheza tena. Bi Mwanapili akaruka bombani, akajaza kikombe, akanipa. Maji yale yalikuwa baridi na yana ladha ya kutu kidogo, na sijanywa maji matamu zaidi. Nikaendelea hadi karani akarudi anakimbia, akaonesha kwa mikono: idadi imetimia kwenye ukingo wa mto. Ng'ambo hakuingia hata mtu mmoja.

"Kwa hayo machache," nikasema, "nashukuru kwa kunisikiliza."

Kukawa kimya. Mheshimiwa Tindwa akaketi wima, mkono juu.

"Ndiyoooo!"

"Imepita," akasema Mwenyekiti Pongwa, akachokoa andazi sikioni.

Utepe mwekundu ulifunguliwa palepale na ukapelekwa Mwinuko, kwani sasa nyumba ya Mheshimiwa ilikuwa Eneo la Baadaye na mabomba yake yalikuwa mali ya jimbo. Bwana Sururu, nilisikia, alirudi chumbani kwa mkewe, na mito yote ikachukuliwa. Mheshimiwa mwenyewe alilia kidogo, halafu akauliza kama pilau imebaki. Kisha ikambidi apange chumba Kandokando, jirani na changu. Mvua ya kwanza iliponyesha nilimsikia ukutani akiuliza kwa sauti kubwa, "Jamani, hili paa limekuwa hivi tangu lini?" Mafundi walipanda juu wiki ileile.

Siku nilipoaga, niliwashukuru majirani kwa walivyonisikiliza siku ile bila kupepesa macho. Wakatazamana. Bi Mwanapili akacheka, akashindwa kujizuia, akanyoosha kidole kwenye sinia la maandazi. Nilinuna hadi mchana. Lakini nikafungasha manne ya njiani.

Bado hofu moja ilikuwapo. Mheshimiwa akisinzia tena Bungeni, mkia utaota, na mikia ikishaanza tunajua inaishia wapi. Kwa hiyo kila asubuhi kabla hajavuka mto ilimpasa asimame mgahawani, na Bi Mwanapili alimjazia chupa ya kahawa chungu, tangawizi tele, ya kunywa kikao kizima. Asubuhi ya mwisho nilimkuta pale, uso umemsawajika, macho mekundu. Jana yake, kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, alikuwa amekaa kikao kizima akiwa macho.

"Mama," alimnong'oneza Bi Mwanapili, "hivi unajua wanasema nini mle ndani?"

"Tutajuaje, Mheshimiwa? Tulikutuma wewe."

Mheshimiwa akamsogezea chupa, akasema safari hii aijaze hadi juu. Bi Mwanapili akaichukua sufuria, akaenda kufungua bomba.